Mtu wa Kwenye Kipoyi

Mgonjwa aliyesemekana amesahau hata jina lake alipiga chafya, kisha akaomba radhi kwa Kifaransa: "Pardon."

Alphonse alilisikia neno hilo vizuri. Yeye ndiye aliyeshika nyuma ya kipoyi, ile machela ya mianzi na blanketi, na kichwa cha mgonjwa kilikuwa chini ya kidevu chake. Aliendelea kutembea huku akimchungulia yule kijana: mashavu yamejaa, macho yamefumbwa kwa nguvu kama ya mtoto anayejisingizia usingizi.

Walikuwa wametoka Mboko alfajiri, wanakwenda Baraka. Mbele alishika Haruna, mvuvi mwenye mdomo usiotulia. Kando alitembea Mama Émilienne, muuguzi aliyekuwa akiwafundisha watoa huduma ya kwanza wa kando ya ziwa namna ya kumsaidia mtu ambaye vita imemvuruga akili. Ndiye aliyemfuata Alphonse nyumbani kwake. "Papa Alphonse, iko mugonjwa wa kupeleka Baraka. Bila we, hatufike."

Angekataaje? Tangu vita ianze, Alphonse alikuwa amebeba majeruhi, wazee na waja wazito. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwacha njiani, siku ya risasi, na watu wa Mboko hawakulitaja jina la mtu huyo mbele ya Alphonse.

"Mungemufunga kamba," alisema sasa, akimjaribu mama huyu. "Mwenye wazimu akiruka, atatuangusha wote."

"Hatufunge muntu kamba, papa. Hiyo njo somo ya kwanza."

"Na ya pili?"

"Mikono yake ipate kazi. Roho inatulia."

Alphonse aliitazama mikono ya mgonjwa. Ilikuwa imelala juu ya tumbo, laini, haina kazi yoyote. Somo gani hilo!

"Papa Alphonse," Haruna alipiga kelele kutoka mbele, "ungekuwa mwanamuke ningekuoa leo leo! Unabeba kuliko punda."

"Angalia mawe, we. Baba yangu asingekubali mahari ya dagaa."

Walicheka wote. Alphonse alicheka pia, lakini kwa meno tu. Alikuwa ameona kwamba mgonjwa naye alitabasamu.

Katikati ya safari walipumzika. Alphonse alishuka ziwani kunawa uso, na alipogeuka ghafla alimwona kijana ameketi, anatafuna muhogo, ananong'onezana na Mama Émilienne. Walipomwona anarudi, kijana alilala chali upesi.

Basi moyo wa Alphonse ukaanza kuunganisha mambo. Asubuhi walikuwa wamelichukua panga lake, eti mzigo usiwe mkubwa. Njia nzima Mama Émilienne hakuwa akimwangalia mgonjwa wake hata kidogo. Alikuwa akimwangalia yeye, mbebaji. Kila mara: papa, umechoka? Papa, kunywa maji. Mtu humbembeleza hivyo yule anayemwogopa, au yule anayetaka kumtumia.

"Munasikia?" aliuliza walipoanza tena safari.

"Nini, papa?"

"Baruti. Kule milimani."

Haruna aliendelea kupiga mluzi. Mama Émilienne alisogea karibu. "Mi sisikie kitu, papa. Lakini naona we unasikia, na inakutisha. Nitatembea hapa kwako."

Hapo Alphonse alipata jibu lake. Milima ilikuwa ikinguruma, na watu hawa wawili wanajifanya viziwi! Waliokuwa wakipiga ni wenzao, bila shaka, na huyu kijana wa kipoyi ni mpelelezi wanayempitisha kwenye barabara ya askari kwa mabega ya mzee anayeheshimiwa. Miaka ile mtu aliuawa kwa sababu ya lafudhi tu. Wakimkamata na mpelelezi mikononi, nani angemsikiliza? Naye alikuwa na binti huko Baraka, Georgette, na wajukuu ambao hakuwa amewaona tangu wakimbie. Angefika kwao maiti, na wao wangeitwa familia ya msaliti.

Kizuizi kilikuwa kabla tu ya kuingia mjini: kamba iliyokatiza barabara, na askari watatu wenye macho mekundu. Kipoyi kikawekwa chini.

"Nani huyu?" aliuliza mkubwa wao.

"Mugonjwa wa akili, komanda," alisema Mama Émilienne. "Tunamupeleka kwa kituo."

Komanda alimsukuma kijana kwa ncha ya kiatu. Kijana alitoa ulimi, akageuza macho juu. Alphonse aliona aibu kwa niaba yake, kisha nyuso za wajukuu zake zikamjia akilini.

"Komanda, bakudanganya!" alisema. "Huyu muntu iko muzima! Nimemuona kwa macho yangu, anakula, anasema Kifaransa. Mi nilibeba tu, sikujua!"

"Papa, unatuua!" Haruna alilia.

Bunduki ilielekezwa kifuani mwa kijana. Alisimama wima, mzima kabisa, mikono juu. Komanda aliweka kidole kwenye kifyatulio.

Mama Émilienne alimtazama Alphonse kwa muda mrefu, kama mama anayemtazama mwanawe kabla ya kumtoa mwiba. "Unisamehe, papa," alisema polepole.

Kisha akamgeukia askari.

"Anasema kweli, komanda. Huyu ni Lionel, mwanafunzi wangu, hana ugonjwa. Mugonjwa wetu iko pale. Bila kumupa muntu wa kubeba, hakubali kutoka Mboko."

Akanyoosha mkono, taratibu, upande wa Alphonse. Alphonse aligeuka amwone huyo anayeonyeshwa, na nyuma yake hapakuwa na mtu, ila barabara tupu.