Njiti Iliyotafunwa

Kabla wakili hajafungua mdomo, mwokaji mikate aliiona njiti ya kiberiti ukingoni mwa meza, imetafunwa mpaka ncha imekuwa kama mswaki.

Mumewe hutafuna njiti anapopanga jambo.

"Pole sana, dada," wakili akasema, macho chini. "Mumeo alishafika hapa, akanieleza shauri lenu lote. Nikishamsikiliza yeye, sheria hainiruhusu kukutetea wewe."

Huyu alikuwa wa tatu. Wawili wa mwanzo walimwambia hayo hayo, naye akadhani ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani yenye meno! Kumbe bwana amezunguka mji mzima akiziba kila tundu, ili siku ya talaka mkewe asimame mahakamani bila wa kumsemea, na watoto wabaki kwake.

"Kuna wakili ambaye hajamfikia?"

Wakili akatikisa kichwa. "Ninaowajua mimi, hakuna."

Mwokaji akaiokota ile njiti, akaivunja katikati, akaiacha palepale. Amekumbuka mlango mmoja ambao bwana yule asingethubutu kuugonga.

Akatoa simu, unga bado umo kwenye kucha, akapiga namba ambayo tangu aolewe hakuwahi kuigusa: ya mwanamke aliyekuwa mke wa bwana huyo kabla yake.

"Mwenzangu," akasema, hata salamu hakuna. "Ulipombwaga mahakamani, wakili wako alikuwa nani?"

Kicheko kikapasuka upande wa pili.

"Kalamu unayo?"