Matope ya Fainali

Wasichana walipotwaa kombe, mpiga picha wa gazeti aliwasogezea ndoo ya maji.

“Naweni uso kwanza, dada zangu. Mnataka mji mzima uwaone hivyo?”

Nahodha wao, Zamda, alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. “Jana wavulana walipotwaa kombe lao uliwapiga picha na matope yao, kaka.”

“Wale ni wanaume. Yanawapendeza.”

Mchezaji mmoja alikuwa ameshainama na kuanza kunawa. Zamda akainyanyua ndoo, akamwaga maji yote palepale walipotakiwa kusimama, kisha akaketi katikati ya tope, kombe mapajani.

“Haya, piga.”

Mpiga picha aliinua kamera polepole. Yule aliyekuwa akinawa akaja, akaketi kando ya nahodha wake, shavu moja safi, jingine bado la tope.