Bangili Ndani ya Chai

Siku hizi mtoto haumwi mpaka bangili yake iseme. Ikiwa ya kijani, ni mzima, na mlango wa zahanati haufunguki. Ikiwa nyekundu, unafunguka wenyewe.

Bangili ya Nyamizi wangu, mwenye miezi minane, ilikuwa ya kijani tangu asubuhi. Lakini alikataa kunyonya, akalegea mgongoni, na nilipomwekea mgongo wa mkono shingoni aliniunguza.

"Mwanangu ana homa," niliuambia mlango.

"Mtoto ni mzima," ukajibu. "Upimaji wa mkono hautambuliki, mama."

Hautambuliki na nani? Mkono huu ndio unaomwogesha kila siku. Joto lake naulizwa mimi, siulizi mlango!

Nikamvua bangili, nikamimina kikombeni chai ya moto niliyobeba ya kuvumilia foleni, nikaitumbukiza bangili humo. Ikawa nyekundu kabla sijamaliza kusonya. Mlango ukafunguka.

Nesi Kalunde aliipokea bangili, akainusa. Ilinukia tangawizi. Akanitazama, sikuinamisha macho. Basi naye akamgusa Nyamizi shingoni, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi, kisha akachomoa kipimajoto cha zamani alichokificha kwenye soksi.

"Thelathini na tisa na nusu," alinong'ona, huku akishika kidole cha mtoto kukitoboa apime malaria. "Unajua wewe ni wa ngapi leo?"

Nikageuka. Kwenye foleni nje bangili zote zilikuwa za kijani, na kila mama alikuwa amekumbatia chupa ya chai.