Nyumba Tulivu

Chini ya sakafu ya kila nyumba mjini Mvukeni kuna sikio la chuma linalosikiliza mvuke wa kuzalisha umeme ukipita ndani ya mwamba, na kishindo kidogo tu hulivuruga. Kwa hiyo watu hukanyaga taratibu, na hakuna anayeruka. Mzee Tuwei ametundika mlangoni kibao cha Nyumba Tulivu, tuzo ya nyumba isiyo na kishindo, na mgeni haonyeshwi kiti kabla ya kukisoma.

Dada yake, Taprandich, alikuja kutoka Kericho na kamba ya kuruka, zawadi kwa Chelagat, mjukuu wa Tuwei.

“Kaka, mtoto wa miaka mitano hajui kuruka?”

“Taa za kwako Kericho zinawaka kwa sababu huyu harukiruki,” Tuwei akajibu, kifua mbele.

“Basi nampeleka ng’ambo ya mto, kusiko na masikio yenu. Aruke mara moja tu.”

Tuwei hakuweza kumkatalia dada yake, lakini aliwafuata. Mtoto akionja kuruka na kunogewa, kibao kingeng’olewa mlangoni.

Kule nyikani Taprandich alipandisha leso yake akaruka kamba mpaka akahema. “Haya, zamu yako.”

Chelagat hakuipokea kamba. Alipiga magoti, akaipapasa ardhi kama anayembembeleza mtoto mchanga.

“Taratibu, nyanya,” akanong’ona. “Utaiamsha.”

Tuwei alijaa fahari hata machozi yakamlengalenga. Akageuka ili amcheke dada yake, lakini kicheko hakikutoka. Alikuwa amezuia pumzi, akisikiliza kama ardhi imeamka.