Kufuli la Nje

Kila asubuhi Wanzala alimfungia mkewe chumbani kwa kufuli kutoka nje, akautia ufunguo mfukoni, akaenda zake kwenye kibarua cha mjengo.

Usimlaani bado. Kufuli lilikuwa wazo la Kageha mwenyewe.

Alipopata kazi ya kupokea simu za dharura akiwa nyumbani, Kageha alidhani ameangukia bahati. Tangazo lilisema ni kazi ya kujipangia: hakuna nauli, hakuna bosi wa kukusimamia, unafanya hata ukiwa umejifunga leso. Lisichosema ni kwamba kompyuta ya kampuni ndiyo bosi. Ukiinuka kwenda msalani bila ruhusa, inakuripoti. Kelele ikisikika nyuma yako, inakuripoti. Ripoti ya tatu, unarudisha kompyuta na kazi yao.

Na plot ya mzee Muia walikopanga chumba, pale Kabiro, haikujua kunyamaza. Lakini hasa hasa shida ilikuwa majirani. Katika plot, mtu anayeshinda nyumbani ni mtu asiye na kazi, na asiye na kazi ni wa wote.

"Mama Mitchelle, si uko tu kwa nyumba? Niangalilie mtoto, nafika stage narudi," Angeline wa mlango wa pili alisema siku moja. Kabla Kageha hajavua hedifoni, mtoto alikuwa keshaachwa kizingitini, anaangua kilio. Hiyo ikawa ripoti ya kwanza. Ya pili aliileta Filister, aliyegonga mlango kama askari wa msako, kumbe anataka chumvi.

"Niko job, jamani," Kageha alimwambia.

"Job gani hiyo ya kukaa kwa kiti?" Filister akacheka mpaka akashika mbavu.

Hapo ndipo wazo la kufuli lilipozaliwa. Mlango wenye kufuli haugongwi. Kageha akatangaza kwenye mfereji, mbele ya kila mwenye mtungi na kila mwenye mdomo, kwamba amepata ofisi tao, mjini kati. Akaegemeza godoro kuukuu mlangoni kuzuia kelele, jingine akazibia dirisha. Plot ikamsahau mchana kutwa. Raha iliyoje!

Wanzala hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Na ukishikwa na ugonjwa huko ndani?"

"Nitakupigia."

"Mimi niko juu ya ghorofa, mashine inanguruma, hiyo simu nitaisikia?"

"Ni mwezi mmoja tu wa majaribio, baba Mitchelle. Wakiniandika, tunahama."

Wanzala akaupokea ufunguo, kwa maana alijua mkewe anapigania nini. Binti yao Mitchelle alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake Mashimoni ili chumba kitulie. Kageha alimkumbuka kila usiku. Akiandikwa rasmi wangepanga vyumba viwili, kimoja cha kazi, na mtoto angerudi kulala kwao. Kwa ajili hiyo angekubali kufungiwa hata ndani ya sanduku.

Siku ya mwisho ya majaribio ikaangukia Ijumaa. Simu zilimiminika tangu asubuhi: ajali ya lori Nakuru, mama anayejifungua Machakos, mzee aliyeanguka kisimani Busia. Kageha alizijibu zote kwa kile Kiswahili chake cha kazini, laini, cha kupigiwa pasi. Hakuna aliyelalamika.

Karibu na saa ya chakula moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Ulikuwa mtindo wake. Mwanamke wa plot jirani hukaanga samaki mchana, na moshi wake haujui mpaka. Leo ulizidi. Ijumaa watu hula samaki sana, Kageha alijiambia. Akasukuma leso kwa mguu kuziba ule upenyo, bila kuinuka, macho yake yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Kikohozi kikamjia kooni. Akakimeza. Hakuwa amefika mpaka hapo ili afutwe kwa sababu ya kikohozi.

Simu ikaingia. Mwanamume, anahema.

"Moto! Madam, plot inachomeka!"

"Pole sana, bwana. Je, kuna mtu yeyote ndani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kila mara, kabla hata ya kuuliza mahali. Moto wenye watu hukimbiliwa. Moto wa vitanda na masufuria hungoja zamu yake.

"Zii, hakuna mtu. Wenye walikuwa ndani wametoka wote."

"Una uhakika?"

"Madam, kwingine ni kufuli, naziona na macho yangu! Kuna mlango tulikuwa tuvunje, lakini majirani wamesema tusijisumbue, mwenyewe siku hizi hufanya ofisi huko tao. Wacha tuokoe vitu za wengine."

"Asante, bwana. Mmefanya vyema."

Kageha akabonyeza: *Hakuna mtu ndani.* Moto ule ukashuka chini ya orodha, nyuma ya mwingine wa Thika. Macho yalikuwa yakimwasha sasa. Akayapangusa kwa kiganja.

"Mko wapi, bwana?"

"Kawangware. Hapa Kabiro."

Kidole chake kikasimama juu ya herufi.

"Plot gani?"

"Ya mzee Muia. Tumeni gari haraka, madam, imefika huo mlango wa kufuli!"

Kageha akavua hedifoni. Sauti ya yule mwanamume haikukatika, iliendelea vilevile, sasa ikitoka upande wa pili wa godoro la mlangoni: "Huo wacheni uungue! Hakuna mtu!"