Mkono wa Mchungaji Aikande

Siku hizi kila nyumba ina mlezi, kisanduku cha ukutani kinachosali na watoto kwa sauti ya mama yao, mwenyewe akiwa hayupo. Mchungaji Aikande, mama wa binti mmoja, anayesimamia vijana na familia katika usharika wetu, hakipendi hata kidogo. Jumapili ya Mikaeli na Watoto, sikukuu ya watoto kanisani, alihubiri mpaka jasho likamtoka.

"Jamani wazazi, leo kizimeni! Wawekeeni watoto wenu mikono kichwani, muwaombee kwa vinywa vyenu wenyewe."

Akina mama walilia. Mzee wa kanisa akamwambia, "Mchungaji, leo umetuweza."

Baada ya ibada kulikuwa na semina ya vijana, kisha kikao cha wanandoa. Alipofika nyumbani, binti yake Anande alikuwa ameshavaa nguo za kulalia. Aikande akazima kisanduku, akapiga magoti, akamwekea mkono kichwani na kumwombea kwa maneno yaleyale ya madhabahuni.

Mtoto alitulia kwa adabu, macho kayafumba, mpaka amina.

"Asante, Mchungaji," akasema. "Sasa naomba umwashe mama. Bado hatujasali."