Mtumiaji Namba Nane

Mtu yule alichomoza kwenye kichochoro cha nyuma ya karakana akitembea kinyumenyume, kitanda cha mtoto kichwani.

Anastasia hakutarajia mtu kutokea upande ule. Lakini tangu asubuhi alikuwa akimwomba Mungu amletee mtu yeyote, naye Mungu hakuambiwa wa upande gani.

"Kaka, samahani!"

Mtu akaganda kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Una nusu saa? Tunajaribu programu ya ramani, ya kwenye simu."

Mtu akashusha pumzi. "Kumbe ni hilo tu!"

Hii ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya Anastasia tangu amalize chuo: kupima kama programu mpya ya kuonyesha njia inaeleweka na watu wa kawaida. Alitakiwa kupata watumiaji wanane kabla ya jioni, na angalau mmoja wao awe amefika aendako bila kuuliza mtu. Akiwapata, anaajiriwa rasmi. Saba walikwishajaribu, na wote saba waliishia njiani. Mtu wa Dar akitazama ramani dakika mbili, ya tatu anamgeukia muuza mihogo.

Karakana ilikuwa ya baba yake, fundi Kornelio, ambaye alikuwa amekwenda kutafuta misumari na kuacha agizo lake la siku zote: "Akija mteja, mwambie kesho." Keko nzima walimwita Fundi Kesho. Katika maisha yake aliwahi kumaliza kazi moja tu siku aliyoahidi, nayo ni meza ya mninga aliyomzawadia binti yake alipohitimu. Juu ya meza hiyo, nje mbele ya karakana, ndipo zilipokuwa fomu.

"Wewe unatangulia, mie nafuata nyuma," Anastasia alieleza. "Usiulize mtu, na mie sikusaidii hata ukipotea. Na jina lako halitatoka kinywani mwangu. Kwenye ripoti utaitwa Mtumiaji Namba Nane."

Ahadi hiyo hakuagizwa na mtu kuitoa. Aliona tu kwamba anayekubali kupotea mbele za watu kwa faida ya wengine anastahili kusitiriwa.

"Hata akiuliza mtu mkubwa?"

"Hata akiuliza baba yangu mzazi."

Mtu akacheka, akaandika kwenye fomu: Hija. Kwenye simu akaandika anakokwenda: nyumbani kwake, Mtoni.

"Ina njia isiyopita barabarani, sista? Vanishi bado mbichi. Sitaki vumbi."

Ilikuwa nayo. Wakaingia vichochoroni, Hija mbele na kitanda chake, Anastasia hatua ishirini nyuma na kalamu yake.

"Pinda kushoto," simu ilisema.

Kushoto kulikuwa na ukuta. Hija akasimama mbele yake kwa adabu, akiusubiri ufunguke. Mama mmoja aliyekuwa akifua akainua kichwa kutoka kwenye beseni.

"We baba, huko ni chooni kwangu! Kwani unakwenda wapi? Si uulize!"

Hija akatikisa kichwa, na kitanda kikatikisika pamoja nacho.

"Makubwa! Amebeba kitanda na bado anaogopa kupotea. Si ulale hapo hapo?"

Anastasia alijing'ata midomo asicheke, na asimwonyeshe njia, ambayo aliijua vizuri. Aliandika: *Programu haioni kuta. Mtumiaji ana subira ya ajabu.* Mbele kidogo aliongeza: *Kila akisikia pikipiki anajibanza. Programu iongeze njia za waoga wa barabara.*

Baada ya dakika arobaini simu ikatangaza, kwa sauti ya furaha, kwamba wamefika.

Mlango ulifunguliwa na mtoto anayetembea mwenyewe. Alikizunguka kitanda, akakipiga kofi, akaenda zake. Mama yake alitoka nyuma yake, akashika mdomo.

"Hija! Amekupa?"

"Nimekipata."

Mwanamke alicheka hadi akakaa chini kizingitini. Anastasia naye alicheka, ingawa hakujua kwa nini. Wanane wametimia, mmoja amefika, na ajira ile pale. Alirudi Keko akiruka madimbwi kama msichana wa darasa la tatu.

Fundi Kornelio alikuwa amesimama katikati ya karakana, misumari mkononi, akitazama sakafu tupu.

"Nimeibiwa, Anastasia! Kitanda kimeondoka! Tangu asubuhi ulikuwa hapa, hukumwona aliyekibeba?"

"Kitanda gani, baba?"

"Kile cha Hija wa Mtoni! Kaagiza mkewe ana mimba, na mtoto wa watu sasa anatembea. Nilibakiza vanishi ikauke tu! Akija nitamwambia nini?"

"Mwambie kesho!" fundi wa jirani alipaza sauti, na Keko ikacheka.

Mzee hakucheka. Anastasia hakuwahi kumwona baba yake akiona aibu.

"Hapana. Nimeapa, nampelekea kingine leo hii hii." Akageuza macho huku na huku. "Ila mbao kavu saa hizi nitazitoa wapi?" Macho yakatua kwenye meza ya mninga. "Labda... Labda kama ulimwona mwizi, mwanangu. Nitajie, nimfuate, tuiache meza yako. Ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Ni nani?"

Anastasia alifunika fomu kwa kiganja.

"Mtumiaji Namba Nane," alisema. Kisha akakusanya karatasi zake, akaipindua meza miguu juu, akaishikilia isitikisike wakati baba yake anaanza kukata.